Kupiga picha maisha ya nyumbani Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayepiga picha watu wa kwao kwa kupenda tu, awe na kamera au simu. Anayeishi kwa kazi ya studio au ya harusi ana mambo yake mengine. Maswali yametoka kwa ndugu, majirani na vijana wa hapa Lubumbashi. Majibu ni yangu, na pale nilipo na upande wangu sikuuficha.

Kwa nini nipige siku za kawaida? Harusi na ubatizo tayari zina mpiga picha wake.

Fungua albamu ya nyumba yoyote ya Katuba au Kenya, mitaa ya hapa mjini. Utakuta harusi, komunyo ya kwanza, mtoto aliyefaulu mtihani wa taifa amemwagiwa poda nyeupe kichwani, halafu kilio. Kati ya siku hizo hakuna kitu. Mama amesonga bukari (ugali) kila jioni miaka thelathini na hakuna picha hata moja inayomwonyesha na mwiko mkononi. Lupangu (kiwanja cha nyumba) ilikuwa na mwembe, mwembe ukakatwa ili kujenga vyumba vya kupangisha, na watoto waliozaliwa baadaye hawana pa kuuona.

Kuna jambo jingine ambalo kila familia hapa inalijua. Mtu akifariki, usiku uleule wanatafuta picha ya kuweka mbele ya waombolezaji, na wanaishia kukuza ile ya kadi ya mpiga kura: uso umekazwa, macho yameduwaa, ukuta mweupe nyuma. Mzee aliyecheka maisha yake yote anaagwa kwa sura ya mtu aliyekamatwa. Hilo peke yake lanitosha kuwa sababu ya kuweka kamera karibu.

Wala kutundika kumbukumbu ukutani si jambo geni kwetu. Miaka ya 1970 sebule nyingi za mji huu zilikuwa na michoro ya ukumbusho iliyonunuliwa kwa wachoraji waliopita mitaani: mamba muntu (nguva), mijeledi ya wakati wa Wabelgiji, vijiji vya zamani. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wa wachoraji hao.

Simu yangu inatosha, au lazima ninunue kamera?

Mchana, simu inatosha. Futa lenzi yake kwanza, maana imelala mfukoni na jasho na unga, na ukungu unaouona kwenye picha nyingi za simu ni mafuta ya vidole tu. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua juu au chini mpaka ngozi ionekane sawa. Usivute zumu, sogea kwa miguu.

Kamera inaanza kulipa gharama yake jioni, ndani ya nyumba, na kwa watoto wasiotulia. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa kuliko ya simu, inakusanya mwanga mwingi zaidi, na lenzi unaweza kuibadilisha.

Kamera ya mtumba: niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Lenzi kwanza, mwili wa kamera baadaye. Elekeza tochi ya simu ndani ya lenzi kutoka nyuma na utazame kutoka mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na muuzaji akikuambia itafutika kwa kitambaa, mrudishie. Kisha piga ukuta mweupe au mbingu kwa tundu dogo la lenzi, f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ukaikuze picha: madoa meusi yanayorudi mahali palepale kila mara ni vumbi la sensa. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Uliza kama chaja ipo. Mjini hapa unaweza kupata kamera nzuri ya miaka kumi iliyopita na ukahangaika mwezi mzima kutafuta chaja ya betri yake.

Kuhusu lenzi: yenye tundu la f/1.8, ya milimita 35 au 50. Kwenye kamera zenye sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi sokoni, milimita 50 inabana kama ingekuwa 75, na katika sebule ya mita tatu utajikuta umegota ukutani. Kwa nyumba zetu mimi nachagua 35 bila kusita. Zumu iliyokuja na kamera ni nzuri kwa uwanjani. Ndani jioni inakosa mwanga.

Mwanga wa hapa ni mkali mno. Nipige saa ngapi?

Swali hili linahitaji jibu refu, kwa sababu ushauri mwingi wa kwenye intaneti umeandikwa na watu wa nchi ambako jua linalala upande mmoja mwaka mzima. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari, jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Siku hizo, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, macho ya mtu aliyesimama uwanjani yanageuka mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Usipigane nalo. Mwingize mtu chini ya mwembe au barazani.

Juni na Julai mambo hugeuka. Jua linapita upande wa kaskazini, halipandi sana, na baraza inayotazama kusini inabaki kivulini kutwa nzima ikipokea mwanga laini wa mbingu. Kama nyumba yenu ina baraza ya namna hiyo, mnayo studio na hamkujua. Juni jua huchwa kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Desemba hufika karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini hapo mawingu ya mvua ndiyo yanayoamua.

Kiangazi kina zawadi yake. Kuanzia Mei, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa pembeni mwa mji vinachuja jua la jioni mpaka unaweza kulitazama, jekundu, bila kukunja uso. Nusu saa hiyo ya mwisho mtu yeyote anapendeza. Asubuhi za Juni kuna baridi, na moshi wa mbabula (jiko la makaa) unaonekana vizuri ukiwa na jua nyuma yake: weka mbabula kati yako na jua, na upime mwanga kwenye uso wa mpishi.

Kuna mtego mmoja wa kwetu. Udongo wa lupangu ni mwekundu, matofali ya kuchoma ni mekundu, na jua likipiga chini linarudisha rangi hiyo usoni. Mtu anatoka na kidevu cha machungwa. Kamera inajaribu kusahihisha na kuharibu zaidi. Tandika mkeka au kitenge cheupe chini mbele ya aliyeketi, au msogeze kwenye saruji. Au uache rangi iwe ilivyo, maana ndiyo rangi ya mji. Mimi nasahihisha tu pale ngozi inapoonekana kama imechubuka.

Ndani ya nyumba, mlango ulio wazi ndio taa yako. Mkalishe mtu hatua mbili ndani ya mlango, uso ukielekea nje, wewe simama pembeni. Mwanga unaotoka kwenye tundu la bati lililotoboka ni mzuri kuutazama na mgumu kuupiga.

Mbona ngozi zetu zinatoka nyeusi mno, au zinatoka za kijivu?

Kwa sababu mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, haijui inamtazama nani. Inachukua kila kinachoonekana na kukivuta kiwe na mwanga wa wastani. Mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: ukuta unatawala, kamera inapunguza mwanga, uso unazama. Ongeza kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza, hatua moja hivi, uache ukuta uungue, yaani uwe mweupe tupu. Mtu huyohuyo akiwa amejaa kwenye fremu na nyuma yake kuna giza la jikoni: sasa kamera inaongeza mno, ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Hapo punguza.

Akiwepo mwenye ngozi nyeusi sana kando ya mwenye ngozi ya maji ya kunde, mweke huyu wa kwanza karibu zaidi na mlango au dirisha. Na usiogope mng'ao. Ngozi nyeusi inajionyesha kwa pale mwanga unapoteleza juu ya shavu na paji la uso, kwa hiyo mwanga wa pembeni unaifaa kuliko wa mbele. Mafuta kidogo usoni, ambayo mama zetu wanawapaka watoto kabla ya misa, ni msaada kwa mpiga picha.

Lawama haiko kwa mita pekee. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za majaribio za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Filamu na mashine zilipangwa zimpendeze yeye. Zile picha za wazazi wetu ambazo ndani yake unaona meno na kola tu hazikuwa kosa la mpiga picha wa mtaa.

Umeme umekatika. Niache?

Hapana, hapo ndipo familia imekaa pamoja. Televisheni imezimwa, watu wamezunguka mshumaa au taa ya betri, na hakuna anayejali kamera. Fungua tundu mpaka f/1.8, panda ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200 au zaidi, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/60 ya sekunde kama watu wanazungumza. Mtoto anayesoma kwa mshumaa ametulia na 1/30 inaweza kumtosha ukiegemeza viwiko. Usiweke mwali wenyewe katikati ya fremu. Uufiche nyuma ya kikombe au bega la mtu, uonekane kwa kazi yake tu.

Chembechembe za ISO ya juu zinasumbua wapiga picha kuliko wanavyosumbuka watu wa nyumbani. Ukichapisha sentimita 10 kwa 15 hazionekani.

Umeme ukirudi, tatizo jipya: taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara mia kwa sekunde, kufuata umeme wa hapa, na kwa kasi kubwa zinaacha mistari ya giza kwenye picha. Tumia 1/50 au 1/100 na mistari inaondoka.

Na flashi?

Ile ya juu ya kamera, izime. Ya kuchomeka, igeuze ipige dari, kama dari ni nyeupe. Dari ya mbao au mabati matupu itarudisha rangi ya mbao au haitarudisha kitu.

Nikiinua tu kamera, wote wanasimama wima kama askari. Nifanyeje?

Wape picha hiyo kwanza. Watu wetu wamezoea kwamba picha ni shughuli: unanawa, unavaa, unasimama, unatazama mbele. Heshima hiyo haikutoka hewani. Ukitazama kazi za Seydou Keïta wa Bamako, au za Jean Depara aliyepiga usiku wa Kinshasa miaka ya 1950 na 1960, utaona watu walioamua wenyewe waonekane vipi. Anayemwambia mama yake "usinitazame, fanya kama sipo" anamnyima uamuzi huo halafu anashangaa akinuna.

Kwa hiyo wapange, piga tatu nne nzuri, waonyeshe, wacheke. Kisha usiondoke. Keti. Kamera ibaki mapajani, imewashwa, imeshapimwa mwanga wa pale. Baada ya robo saa mazungumzo yanarudi kwenye bei ya makala (makaa) na nani amepata mimba, na hapo unapiga moja, unashusha. Kelele za shata zipunguze kama kamera ina hali ya kimya. Ukipiga kumi mfululizo umewarudisha kwenye paredi.

Njia nyingine ni kupiga mikono yenye kazi. Mtu anayesuka nywele, anayetwanga sombe (kisamvu), anayechambua vinkubala (viwavi wa kula) kwenye ungo, hana nafasi ya kujipanga. Uso wake unafuata kazi. Na kama kuna kazi ya kusaidia, saidia. Mpiga picha aliyebeba bidoni mbili za maji anavumiliwa muda mrefu kuliko aliyekaa kivulini na mkanda wa kamera shingoni.

Muda ndio unaofanya mengi. Wiki ya kwanza kamera ni mgeni, na mgeni hupikiwa kuku. Mwezi wa tatu hakuna anayeigeukia.

Nkambo (bibi yangu) hataki kupigwa akiwa na kikwembe cha nyumbani.

Basi usimpige akiwa nacho. "Unipige foto hivi? Batu batasema nini?" Hilo ni jibu kamili, na halihitaji kubishaniwa na mjukuu aliyesoma kwenye intaneti kwamba picha ya kweli ni ile ya kushtukiza. Nkambo ameona picha zinavyosafiri. Anajua itafika Kolwezi kwa shemeji na Kinshasa kwa binti yake kabla ya jua kuchwa.

Kinachowezekana ni kukubaliana naye. Mwambie hii ni ya nyumbani, haitumwi. Kisha usiitume, hata dada yako akiomba kwa machozi. Baada ya muda mletee iliyochapishwa ya mikono yake akichagua mchele, bila uso. Wazee wengi huanzia hapo kulegea. Na akisema anataka kuvaa, mpe nafasi: kule kuvaa kwenyewe, kilemba kikizungushwa mbele ya kioo kidogo, mjukuu akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, mara nyingi kuna picha bora kuliko ile ya kiti cha mbele iliyokusudiwa.

Watoto: mpaka wangu ni upi?

Mtoto akioga kwenye beseni uwanjani ni kitu cha kawaida kwetu na kila mama anacheka. Ipige kama wazazi wanataka, ibaki kwenye albamu ya nyumbani, isiwekwe kwenye hali ya WhatsApp wala Facebook. Vivyo hivyo mtoto anayelia kwa kuchapwa, mtoto mgonjwa, mtoto aliyefeli. Siku moja atakuwa na miaka kumi na sita na wenzake watakuwa na simu.

Kwa wanaotaka sheria: Katiba ya nchi ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1990, unamtaja mtoto waziwazi katika kifungu cha 16. Mtoto wa jirani anayeingia kwenye fremu ana wazazi wake. Ruhusa ya mama yako haimhusu. Na watoto wakishafika miaka saba hivi, waulize wao pia. Wanajibu vizuri kuliko tunavyodhani.

Nimechoka kupiga watu wakila. Nipige nini kingine?

Anza na mambo ambayo hayatakuwepo. Mbabula na gunia la makala vitaondoka siku nyumba ikipata umeme wa kuaminika. Bomba la pamoja la lupangu litaondoka. Yule mtoto wa kulea kutoka kijijini ataondoka, na hayumo kwenye albamu ya mtu yeyote, hilo liangalie sana. Mpangaji wa chumba cha nyuma ambaye watoto wanamwita mjomba ataondoka.

Kisha fuata kitu kimoja kuanzia asubuhi hadi usiku badala ya kurukaruka. Maji, kwa mfano: bidoni zikipangwa foleni alfajiri, maji yakigawanywa ya kunywa na ya kufulia, ya mwisho yakimwagiwa mchicha. Au munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi: mizizi ikipondwa, uji ukipoa, kikombe cha kwanza akionjeshwa nani. Picha saba za namna hiyo zikikaa pamoja zinaeleza nyumba inavyoendeshwa na nani anaiendesha. Usisahau kusubiri. Sehemu kubwa ya maisha yetu ni kusubiri, iwe mshahara, iwe mvua iishe, iwe baba arudi kutoka machimboni, na mtu anayesubiri ni rahisi kumpiga kwa kuwa haendi popote.

Siku TP Mazembe, timu ya mpira ya hapa, inacheza, geuza mgongo kwa televisheni na upige nyuso. Jezi zenye mistari myeusi na myeupe zitaichanganya mita kidogo. Pima kwenye uso.

Na wewe je? Mpe mdogo wako kamera. Familia nyingi zenye mpiga picha hazina picha ya mpiga picha.

Kwenye kilio, nipige au nisipige?

Uliza mkubwa wa familia, si mfiwa. Ukiruhusiwa, wapige wanaokuja: wamama wanaopika kwenye masufuria makubwa chini ya hema, wanaume kwenye viti vya plastiki usiku, kuni. Nyuso za wanaolia ziache, na jeneza liache mpaka uambiwe. Kazi yenye faida zaidi ni baada ya wiki kadhaa, unapompelekea mjane picha za waliokuja, kwa sababu siku ile hakumwona mtu.

Nje ya geti naweza kupiga?

Uwe mwangalifu. Askari, polisi, vizuizi, kambi, majengo ya serikali na uwanja wa ndege wa Luano, usielekeze kamera huko hata kama shangazi yako ndiye amesimama mbele. Kwenye maeneo ya kampuni za madini walinzi watakuzuia. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, unaweza kuliweka nyuma ya familia ukiwa mbali, mtaani kwenu. Sokoni, nunua kwanza, omba baadaye.

Rangi au nyeusi na nyeupe?

Rangi. Vitenge vyetu vimekosa nini mpaka vifanywe majivu? Nyeusi na nyeupe natumia usiku, taa za rangi tatu tofauti zinapogombana kwenye sebule moja.

Vumbi la kiangazi na unyevu wa mvua: nailindaje kamera?

Kiangazi adui ni kubadilisha lenzi uwanjani. Ingia ndani, geuza kamera itazame chini, badilisha haraka. Usipulize sensa kwa mdomo, mate yatakauka humo. Nunua kipulizio cha mpira. Mfuko wa nailoni wenye kufungika vizuri unatosha kwa safari ya basi.

Kuanzia Novemba hadi Machi adui ni kuvu. Inapenda giza, joto na unyevu, yaani begi la ngozi lililofungwa chini ya kitanda. Weka kamera kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Vikilowa vikaushe juani. Dawa bora kuliko zote ni kuitoa na kuitumia. Mvua ikikukuta, futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kufungua chochote, na ukitoka kwenye baridi ya asubuhi kuingia jikoni penye mvuke, iache begini dakika chache isijae ukungu.

Nihifadhi wapi picha bila intaneti ya kudumu?

Nakala mbili kwenye vifaa viwili, na ya tatu kwenye nyumba nyingine. Diski ya nje nyumbani, diski ya pili kwa yaya (kaka au dada mkubwa) au kwa rafiki mtaa mwingine, mbadilishane mnapotembeleana. Wezi huchukua kompyuta na diski iliyo kando yake kwa pamoja, na umeme unaorudi kwa nguvu unaua vyote viwili kwa mara moja, kwa hiyo diski ichomoe ukimaliza.

Kadi ya kumbukumbu si mahali pa kuhifadhi. WhatsApp nayo inabana picha mpaka haifai kuchapishwa kwa ukubwa. Ukilazimika kuituma kwa njia hiyo, itume kama hati.

Andika majina. Folda yenye mwaka, mwezi na neno moja inatosha: 2025-07 nywele za Jumamosi. Baada ya miaka ishirini hakuna atakayekumbuka yule mtoto wa kushoto ni wa nani.

Kuchapisha kunahitaji picha kubwa kiasi gani?

Ndogo kuliko unavyofikiri. Sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli kama 1200 kwa 1800, ambayo hata simu ya zamani inatoa. Kwa 20 kwa 30, picha ya megapikseli nne au tano inatosha kutazamwa ukutani. Kabla ya kupeleka kazi nyingi maabara, chapisha moja ya majaribio, kwa sababu kioo cha simu kinang'aa na karatasi haing'ai. Mara nyingi utahitaji kuongeza mwanga kidogo.

Chapisha kidogo, lakini kila mara. Picha mbili tatu kila mwezi, wapelekee waliomo. Nimeona watu waliokataa kamera mwaka mzima wakibadilika siku walipopewa karatasi mkononi. Ya kwenye simu wanaitazama na kurudisha simu. Ya karatasi wanaiweka kwenye Biblia.

Nimekuta picha za zamani za babu aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji. Nizifanye nini?

Zipige upya kabla mchwa hawajazisoma. Ziweke dirishani kwenye kivuli, kamera sambamba na karatasi, bila flashi, bila kioo cha fremu. Piga na upande wa nyuma kama una maandishi au muhuri wa studio. Halafu mkalishe mzee aliyebaki, mwonyeshe moja moja, na urekodi sauti yake kwa simu. Majina yatatoka, na ugomvi wa zamani pia.

Ukitaka kuona picha za namna hiyo zinavyoweza kufanyiwa kazi, mtazame Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye mwaka 2006 aliweka watu wa picha za kale za wakoloni juu ya mandhari ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa.

Mjini hapa naweza kuona wapi kazi za wapiga picha?

Kituo cha sanaa cha Picha, ambacho ndicho kilichoanzisha tamasha la picha la mji huu mwaka 2008 na ambalo sasa ni Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya kila miaka miwili. Halle de l'Étoile huwa na maonyesho. Makumbusho ya taifa nayo yanafaa kutembelewa na watoto. Na studio za mtaani: simama mlangoni uangalie picha za mfano zilizobandikwa kwenye kioo, zimejaa mafunzo ya mikao na vitambaa.

Shemeji ananiomba nipige harusi yake bure, kwa sababu nina kamera.

Kataa, tena mapema. Harusi haina marudio, inahitaji kamera mbili na mtu anayejua padri atasimama wapi. Mwambie utakuja siku moja kabla, wakati wanawake wanasafisha kuku na bwana harusi anatafuta soksi, na kwamba hizo ndizo zitakuwa zawadi yako. Akikasirika, mama atawapatanisha.